Mizani Yasema Safi, Taa Yasema Chafu

Jumatatu ile Gricelda aliliingiza gari lake kinyumenyume hadi mlangoni mwa gereji, akazima injini, akabaki ndani ameshika usukani kwa mikono miwili. Nibaldo alikuwa akifagia. Alipoona vile akajua kuna jambo, maana Gricelda hakuwa mtu wa kukaa kimya hata kanisani.

Aliposhuka hakusalimu. Alimwita kwa kidole, akamwonyesha dashibodi. Taa ya filta ilikuwa imewaka, ya rangi ya chungwa, ileile iliyomleta hapa mwezi wa tano.

"Jirani," akasema, "marehemu kaka yako, Mungu amlaze pema, alinirudishia uchafu wangu vilevile ulivyokuwa. Taa hii haijazimika tangu siku ile, nilinyamaza kwa ajili ya msiba tu."

Nibaldo aliegemeza ufagio ukutani. Ufagio ukateleza ukaanguka, akauacha hapohapo.

Gari lilikuwa la kubeba wanafunzi, la dizeli, na kila siku ya shule Gricelda alizunguka nalo mitaa ya San Bernardo kutoka geti hadi geti, asimame, apige honi, asubiri mtoto amalize kutafuta kiatu, aondoke, asimame tena. Kwa gari la namna ile hakuna sumu kubwa kuliko mwendo huo wa kusimamasimama. Filta inakaa katikati ya bomba la ekzosi, kazi yake kunasa masizi yasitoke nje yakaingia vifuani mwa watu. Gari likipata barabara kuu likakimbia nusu saa bila kusimama, bomba linapata moto wa kutosha na masizi yanaungua yenyewe. Lakini gari la wanafunzi halipati moto huo. Masizi yanajaa, taa inawaka, injini inaishiwa pumzi. Ndipo watu walipokuwa wakimletea Eladio, kaka yake Nibaldo.

Eladio alikuwa na tanuri la umeme, kompresa ya upepo, mizani, na sanduku la kadi. Aliipima filta ikiingia, akaioka tanurini hadi masizi yaishe, akaiacha ipoe, akaipuliza kwa upepo kutoa majivu, kisha akaipima tena ikitoka. "Masizi yanaungua, majivu hayaungui," alikuwa akisema. Uzito wa kuingia na uzito wa kutoka aliuandika kwenye kadi moja, na chini yake neno "tayari" na sahihi. Kadi aliifunga kwa waya kwenye filta na nakala aliibakiza. Mafundi wa upande ule wote wa Santiago walikuwa wakiiamini ile kadi kuliko macho yao.

Nibaldo hakuwa fundi. Alikuwa dereva wa gari la mkate kwa miaka ishirini na miwili. Aliingia gereji hii mwezi wa tatu tu, kaka yake aliposhindwa kunyanyua vitu. Ugonjwa ulikuwa kooni. Ulianza kwa kumla sauti, ukaendelea kumla yeye mwenyewe, na mwishoni Eladio alifundisha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kwa mnong'ono, maneno matatu au manne kwa wakati. Nibaldo alijifunza aliyoweza. Mengine hakuuliza. Kumuuliza mtu asiye na sauti aliona ni kama kumtoza kitu alichokuwa nacho kidogo.

Kaka yake alikuwa na majuma matano kaburini, na filta ya Gricelda ndiyo ilikuwa ya mwisho kupita mikononi mwake.

"Ukaguzi wangu ni Ijumaa," Gricelda alisema. "Wakiiona hiyo taa hawatahangaika hata kupima moshi, watanirudisha. Nina watoto kumi na wanne. Nitawabeba mgongoni?"

Nibaldo alimwahidi Alhamisi; hadi siku hiyo watoto wangepelekwa shule na wazazi wao. Gricelda akamtazama, na sauti yake ikashuka kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Kama alishindwa kazi angesema tu. Nani angemlaumu mgonjwa? Lakini kuandika 'tayari'..."

Alichukua mkoba wake akaondoka kwa miguu kuelekea gulioni, na Nibaldo alijua kabisa kwamba kabla ya saa sita habari itakuwa imezunguka kutoka meza ya viazi hadi meza ya samaki.

Lakini si gulio lililomkaa moyoni. Lililomkaa ni siku yenyewe ile ya filta. Siku ile Eladio aliamka na nguvu kidogo, akasema hii ataifanya peke yake, akamtuma Nibaldo mkate. Mkate uko hatua mia mbili. Eladio akamwambia kwa ishara asiharakishe. Nibaldo akaelewa kwamba kaka yake hataki kutazamwa, akaenda, akanywa chai kwa muuza mkate, na akanywa tena. Aliporudi mchana filta ilikuwa juu ya meza na kadi imeandikwa, na Eladio ameketi ana jasho kama mtu aliyetoka mtoni. Filta ile ina karibu kilo nane. Mtu yule wiki ile alikuwa hawezi kunyanyua birika.

Kwa hiyo aliifanya kweli, au aliandika tu? Swali hilo Nibaldo hakuwahi kujiuliza. Sasa alilitoa nje akashindwa kulirudisha.

Alilala chini ya gari akafungua bolti. Juvenal, mume wa Gricelda, ndiye aliyeifunga filta nyumbani kwake uani, na alikuwa amezikaza kama mtu anayefunga mlango wa gereza. Spana iliteleza mara mbili, ngozi ya kidole ikabaki kwenye chuma. Mwishowe filta ikatoka. Aliibeba hadi kwenye mizani.

Kadi ya Eladio ilisema: kuingia, kilo saba na gramu mia tisa na kumi. Kutoka, kilo saba na gramu mia sita na arobaini.

Mizani ikasema kilo saba na mia sita na sabini.

Nibaldo akaitoa, akafuta mizani, akaiweka tena. Yaleyale. Gramu thelathini tu zimeongezeka katika majuma sita ya kuzunguka. Basi ilisafishwa. Basi Eladio aliifanya. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi. Kisha akainuka, kwa sababu kutoka pale alipoketi aliiona dashibodi kupitia kioo cha gari, na akilini mwake ile taa ilikuwa bado imewaka.

Kama mizani ni kweli, taa inasema uongo. Kama taa ni kweli, mizani ni mbovu, na kama mizani ni mbovu, kadi zote sandukuni ni za nini? Alileta kilo ya sukari kutoka jikoni kwa shemeji yake Rosaura, akaipima. Kilo moja. Akaleta mbili. Kilo mbili. Rosaura alichungulia dirishani akauliza anapika nini. Nibaldo akamjibu anajaribu mizani, akasikia aibu kana kwamba amekutwa akipekua mifuko ya marehemu.

Akachukua tochi. Aliielekeza kwenye mdomo mmoja wa filta, akaweka jicho kwenye mdomo wa pili. Giza. Akazungusha. Giza tupu, hata mwanga wa tundu la sindano hakuna. Kitu safi kinawezaje kuwa na giza namna hii? Akasema moyoni: imeziba. Halafu akakumbuka uzito. Akaona kichwa chake kimekuwa kama ile filta yenyewe, kinaingiza na hakitoi.

Alifanya lile alilojua, akaoka. Aliiweka tanurini, akaipa moto polepole kama alivyofundishwa, ikakaa humo siku nzima, na Jumanne asubuhi ilipopoa akaipuliza kwa kompresa na karatasi nyeupe chini. Eladio alikuwa anapenda kuwaonyesha wateja ile karatasi: rundo la unga wa kijivu, laini kama poda, mtu anashangaa yote hayo yalikuwa ndani. Safari hii juu ya karatasi kulianguka vumbi la kutosha kuchafua ukucha mmoja. Akapima. Kilo saba na mia sita na arobaini na tano.

Ilikuwa safi. Alikuwa amesafisha kitu safi.

Akairudisha kwenye gari, akafunga bolti, akawasha injini. Taa ikawaka, ya chungwa, imetulia, haina wasiwasi wowote.

Jumatano Gricelda alikuja kuchungulia. Hasira ilikuwa imempungua, akaketi kwenye tairi kuukuu, akamtazama Nibaldo anavyozunguka gari kama mtu aliyepoteza funguo.

"Umekonda, jirani," akasema. "Hata wewe utaniachia gari hapa ufe?"

Nibaldo akamweleza yote, mizani, sukari, tochi, karatasi. Alieleza kwa fujo, akirudi nyuma na kwenda mbele, na mwisho akasema ukweli wenyewe: kwamba hajui. Kwamba mizani inamtetea kaka yake na taa inamshitaki, naye hajui amwamini nani.

Gricelda alikwangua tope kwenye tairi kwa ukucha.

"Hilo ndilo linalonichanganya hata mimi," akasema. "Kwa sababu ya ule ujumbe. Nilimwambia Juvenal, mtu aliyetuma maneno yale hawezi kunidanganya kwenye filta. Haiwi."

"Ujumbe gani?"

"Si uliniletea wewe? Pamoja na filta."

Nibaldo akatafuta kichwani. Kweli, siku ile ya Jumamosi alipokuwa akipakia filta kuipeleka kwa Gricelda, Eladio alimshika mkono mlangoni, akavuta pumzi mara mbili, akanong'ona: "Mwambie asisahau kumwambia mama mkwe." Nibaldo hakuelewa. Aliona ni mambo yao ya ujirani, Eladio na Juvenal walicheza mpira pamoja ujanani. Akafika, akatua mzigo, akasema kama alivyotumwa: kaka anasema usisahau kumwambia mama mkwe wako. Alikumbuka sasa kwamba Gricelda alibadilika rangi.

"Nikajua Juvenal alimwambia," Gricelda alisema. "Ile habari ya kodiani."

Kodiani, kile kinanda cha kuvuta kwa mikono, ilikuwa ya baba yake Juvenal. Mzee alipokufa, kodiani ikapotea, na Bi Herminda, mama yake Juvenal, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba mkwewe ameiuza. Miaka minne hawakusemeshana. Krismasi nne Juvenal alikula mara mbili, kwao na kwa mama yake. Na ukweli ni kwamba Juvenal mwenyewe ndiye aliyeichukua, akiwa amelewa sikukuu ya mwezi wa tisa, akampa mtu asiyemjua kwa sababu alipiga vizuri. Alilia asubuhi yake kama mtoto, akamwomba mkewe asimwambie mama. Gricelda akaibeba ile lawama.

"Halafu mtu anayekufa ananitumia neno: kamwambie. Nikasema, huyu yuko karibu na Mungu, anaona. Nikavaa koti nikaenda siku hiyohiyo."

"Ikawaje?"

"Ikawaje! Alivua kiatu akamfuata Juvenal hadi barabarani. Mwanamke wa miaka themanini na mbili. Kisha akaja kwangu Jumapili na sufuria ya mchuzi wa kazuela, akaketi jikoni kwangu, na hajatoka tangu siku hiyo. Kila siku yuko pale. Ananifundisha kukata vitunguu." Gricelda alitikisa kichwa. "Sijui hata kama nimshukuru kaka yako au nimtukane. Lakini nilisema, mtu wa namna hiyo hawezi kuandika 'tayari' ya uongo. Sasa wewe niambie."

Nibaldo akamwambia tu kwamba ahadi ya Alhamisi iko palepale. Gricelda alipoondoka, Nibaldo alibaki amesimama katikati ya gereji akijaribu kufikiri Eladio alijuaje habari ya kodiani, na kwa nini pumzi chache alizobakiwa nazo azitumie kwa mama mkwe wa mtu mwingine wakati hakuwa amemwambia hata ndugu yake neno la maana. Wivu ulimchoma kidogo, akauonea haya.

Mchana akavaa kofia akaenda mitaa miwili mbele, kwa Wladimir. Huyu alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwenye ile mashine ya kusomea kompyuta za magari, na alikuwa rafiki wa Eladio wa miaka mingi. Nibaldo hakupenda kwenda. Kwenda kwa Wladimir kulikuwa ni kukubali kwamba kuna kosa, na kosa ni la marehemu.

Wladimir alimsikiliza akiwa ameinama ndani ya boneti ya lori dogo. Aliposikia habari ya tochi akacheka.

"Giza ndiyo vizuri, kaka. Vijitundu vya filta vimezibwa kwa zamu, huku na huku, moshi upite kwenye kuta. Ukiona mwanga, ujue imetobolewa ndani. Kuna watu wanazikwangua zikawa debe tupu, wanakuja kulia ukaguzini."

"Basi filta ni nzima. Na safi. Na taa inawaka."

"Mama mkwe ameambiwa?"

Nibaldo akavua kofia. Alidhani habari ya Gricelda imeshafika hadi huku.

"Ameambiwa," akasema. "Alimpiga mwanawe kwa kiatu."

Wladimir akatoa kichwa nje ya boneti. Walitazamana, kila mmoja akimngojea mwenziwe aseme jambo lenye maana.

"Unamzungumzia nani?" Wladimir akauliza.

"Bi Herminda. Wewe je?"

"Mimi naizungumzia kompyuta."

Alifuta mikono polepole kwa kitambaa, akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyokuwa ikilainika. Ile kompyuta ya gari haioni ndani ya filta. Inahesabu tu: kilomita ngapi, dizeli kiasi gani, kwa hiyo majivu kiasi gani. Ukisafisha filta, au ukaweka mpya kabisa, yenyewe haina habari, inaendelea na hesabu ya zamani mpaka uichomekee mashine uiambie: haya yamekwisha, anza upya. Eladio aliipachika jina la mama mkwe, kwa kuwa hata ujitakase namna gani yeye anakumbuka uchafu wako wa zamani hadi mtu amkalishe chini amwambie. Mafundi wote wa upande huu walilijua jina hilo. Eladio akimrudishia mtu filta humwambia, usisahau kumwambia mama mkwe, na mtu anakuja hapa kwa Wladimir, dakika tano, basi.

"Alikuambia na wewe?"

"Aliniambia nimwambie Gricelda."

"Na wewe?"

"Nikamwambia Gricelda."

Wladimir akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa kile kitambaa cha mafuta, mabega yakamtikisika. Nibaldo alicheka pia, kwa sababu ilichekesha kweli, na katikati ya kicheko kitu kikageuka ndani yake, akaketi kwenye ngazi ya lori na kuinamisha uso. Wladimir akaacha kucheka. Alikwenda kuchukua mashine.

Waliichomeka chini ya usukani wa gari la Gricelda jioni ileile, kabla jua halijazama. Wladimir alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Taa ya chungwa ikazimika. Haikufifia, haikupepesa. Ilizimika kama haikuwahi kuwako, na Nibaldo akaendelea kuitazama sehemu ile tupu.

Basi kaka yake aliibeba. Kilo nane, kutoka meza hadi tanuri na kutoka tanuri hadi mizani, peke yake, huku yeye akinywa chai ya pili kwa muuza mkate. Kosa halikuwa la Eladio. Lilikuwa la mdomo wa Nibaldo, uliobeba maneno kama ulivyobeba mkate miaka yote ile, bila kufungua mfuko kuona kilichomo.

Sasa likawa jambo la kumwambia Gricelda. Alhamisi asubuhi alikuwa bado hajaamua. Ili jina la Eladio litakate, ilimpasa aeleze utani wa kompyuta, na akieleza utani, ule ujumbe unayeyuka. Mtu aliyekuwa akiona kwa kuwa karibu na Mungu anabaki fundi aliyekuwa akisema habari za waya. Akinyamaza, Gricelda atabaki na ujumbe wake na pia na shaka yake, na gulioni watasema taa ilizimika kwa sababu Nibaldo aliirudia kazi ambayo kaka yake hakuifanya.

Gricelda alikuja na Juvenal. Nibaldo akamwomba Juvenal akaangalie matairi, na Juvenal, aliyezoea kufukuzwa siku hizi, akaenda. Kisha Nibaldo akaeleza. Hakuficha kitu. Alimwonyesha kadi, na namba aliyoipata yeye, na akamwambia kwamba mama mkwe ni ile kompyuta.

Gricelda akautua mkoba wake juu ya mizani.

"Kwa hiyo hakujua habari ya kodiani," akasema.

"Sidhani. Sijui."

"Na mimi nikavaa koti."

"Nisamehe, jirani. Nilisema kama nilivyotumwa."

"Basi nani aliniambia niende?" aliuliza, na halikuwa swali la mzaha. Alimtazama Nibaldo kana kwamba huenda analo jibu. "Si wewe, wewe hukujua. Si yeye, yeye alisema mengine."

Nibaldo alifikiri kwa bidii. "Sijui," akasema tena.

Gricelda akaichukua kadi ya Eladio, akaisoma neno kwa neno hadi kwenye "tayari", akaikunja akaitia mkobani. "Hii nitawaonyesha gulioni," akasema. "Nilisema vibaya, na niliwasemea wengi." Halafu akampigia Juvenal kelele aache kuyapiga matairi mateke.

Ijumaa gari likapita. Jumapili Juvenal akaja kugonga kwa Nibaldo: Bi Herminda anataka kumwona ndugu wa yule marehemu, na chakula kiko mezani, na tafadhali asikatae kwa sababu atakayelaumiwa ni yeye Juvenal.

Nibaldo alikwenda na shati safi, na njiani alijaribu kupanga atasema nini. Hakupata. Jikoni mlikuwa na mvuke, mkate wa moto, bakuli la pilipili na nyanya. Bi Herminda alikuwa mdogo kuliko kiatu chake kilivyosifiwa. Alimshika Nibaldo mikono yote miwili asimwachie. Gricelda alikuwa amesimama jikoni kwake mwenyewe kama mgeni, kisu mkononi, akimtazama Nibaldo machoni bila kumpa ishara yoyote.

"Mwanangu," kikongwe akasema, "nataka kuyasikia kwako, uliyeyasikia kwake. Kaka yako alisema nini hasa?"

Nibaldo aliinama karibu na sikio lake.

"Alikuwa hana sauti, mama," akasema. "Alinishika mkono mlangoni. Akaniambia: mwambie asisahau kumwambia mama mkwe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake."

Bi Herminda alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwachia mikono, akamwambia Gricelda amkatie mgeni mkate, na aukate mnene.